Dalali wa Wevi: Mhadhara wa Umma juu ya Jinai katika Mji wa London



Mtu aketipo kuandika tarikhi ya jinai katika mji mkubwa, vitu vinavyomjia mkononi kwanza ni majina, maana majina ya waovu hudumu kuliko majina ya mahakimu waliowahukumu, na msomaji hupenda kuambiwa nani aliua na nani aliiba kabla ya kuambiwa mkate uliuzwa kwa bei gani mwaka ule. Mimi nami nitawatajia majina, kwa kuwa mhadhara wa jinai usio na mhalifu ni karamu isiyo na wali. Lakini nataka mnisikilize mkijua mapema ninakokwenda. Nadai kwamba katika London ya karne ya 18 mwizi alikuwa mtu mdogo. Mkubwa alikuwa yule aliyesimama kati ya mwizi na mwenye mali, akala kwa wote wawili, na aliyemkuza huyo ni sheria yenyewe.

Mji wa London, mwanzoni mwa karne hiyo, ulikuwa na watu takriban nusu milioni, nao haukuwa na polisi. Kila parokia ilikuwa na makonstebo waliotumikia mwaka mmoja kwa zamu bila ya mshahara, na walinzi wa usiku, aghalabu wazee, waliobeba taa na fimbo wakilia saa. Aliyeibiwa ndiye aliyepaswa kumtafuta mwizi wake, kumshika, kuwaleta mashahidi na kuzibeba gharama za daawa. Serikali ilitoa jaji, na mwisho wa yote ilitoa mnyongaji. Waingereza wa zama zile waliogopa jeshi la polisi la mfalme, waliloliona katika Ufaransa, kuliko walivyowaogopa wanyang'anyi. Na kwa hofu hiyo wakachagua njia iliyoonekana kuwa rahisi, ambayo ni kuitundika adhabu juu sana na kumlipa raia atakayemfikisha mtu kwenye adhabu hiyo. Makosa ya kunyongewa, yaliyokuwa kama 50 mwaka 1688, yalipita 200 ulipofika mwanzo wa karne ya 19. Sheria ya 1692 iliahidi paundi 40 kwa kila atakayemkamata mnyang'anyi wa njiani akathibitishwa kosa, kiasi kilichozidi kipato cha mwaka mzima cha kibarua. Na mwaka 1720 tangazo la mfalme likaongeza paundi 100 juu ya zile kwa unyang'anyi uliotendeka mjini London na viungani mwake. Hivyo shingo ya mtu ikapata bei inayojulikana, na penye bei hapakosi mfanyabiashara.

Mfanyabiashara huyo alikuwa Jonathan Wild, mtu wa Wolverhampton, aliyeingia London akafungwa kwa deni, na katika miaka ile ya kifungo akajuana na wevi, makahaba na walinzi wa jela, akapata elimu isiyofundishwa chuoni. Alipotoka, mwaka 1712, alifanya kazi kwa muda chini ya Charles Hitchen, naibu mkuu wa askari wa jiji, ambaye cheo chake alikinunua kwa fedha na kukigeuza chombo cha kuwakamua wevi. Kisha akaachana na bwana wake akafungua ofisi yake mwenyewe, na baadaye akaihamishia jirani na mahakama ya Old Bailey. Hapo ndipo akili yake ilipodhihiri. Aliyepokea mali ya wizi akaiuza mbali aliweza kunyongwa au kuhamishwa ng'ambo, na tena alipata bei ya chini, maana kila mnunuzi alijua kwamba muuzaji ana haraka. Wild aling'amua kwamba yuko mnunuzi mmoja ambaye yu tayari kulipa zaidi ya wote, naye ni mwenye mali mwenyewe: saa ya marehemu baba, daftari la hesabu la mfanyabiashara, barua ambazo mwandikiwa asingependa mkewe azisome. Basi wevi waliiba, wakaweka mali mahali wanapopajua, wakampa Wild habari. Mwenye mali akaja ofisini, akalipa ada ya kuandikwa katika daftari, akaelezea hasara yake mbele ya bwana aliyemsikiliza kwa huruma. Baada ya siku chache akaambiwa apeleke fedha kadha mahali kadha, na mali yake itarudi. Wild hakuigusa mali kwa mkono wake, wala hakudai ujira. Mara nyingine alikataa zawadi kwa maneno ya unyenyekevu, akaipokea mteja alipomsihi.

Wakati huohuo mtu huyu alikuwa mkamata wevi mkubwa kuliko wote mjini. Alitembea na fimbo yenye kichwa cha fedha kama alama ya mamlaka ambayo hakuna aliyempa, akajiita Mkamata Wevi Mkuu wa Uingereza na Ireland, na magazeti yakamwita hivyo. Mwizi aliyekataa kufanya kazi chini yake, au aliyedai sehemu kubwa mno, au aliyekwisha faida, alikamatwa na watu wa Wild, akashuhudiwa na watu wa Wild, akanyongwa, na Wild akapokea paundi zake 40. Fikirini uzuri wa hesabu hiyo, ikiwa neno uzuri linafaa: mwizi alimtajirisha alipoiba, na alimtajirisha alipokufa. Baraza la mfalme lilipomtaka shauri juu ya njia ya kupunguza unyang'anyi, Wild alishauri kwamba zawadi iongezwe.

Yuko kijana mmoja ambaye hakukubali kuwa chini ya Wild, naye ndiye mwizi aliyependwa kuliko wote katika tarikhi ya London. Jack Sheppard alizaliwa Spitalfields mwaka 1702, akawekwa kwa fundi seremala, akaacha ufundi kabla ya kumaliza muda wake akashika wizi. Kama mwizi hakuwa kitu. Nguo za dukani, vijiko vya fedha, na haya yote hayangemfanya akumbukwe hata mwezi mmoja. Sifa yake ni kwamba jela hazikumweza. Katika mwaka mmoja wa 1724 alitoroka mara nne: mara mbili katika mahabusi ndogo, mara ya tatu katika chumba cha waliohukumiwa kufa cha jela ya Newgate, na mara ya nne, usiku wa tarehe 15 Oktoba, kutoka chumba cha juu cha jela hiyohiyo, alikokuwa amefungwa pingu mikononi na minyororo iliyopigiliwa sakafuni. Alijifungua pingu, akakata pete ya mnyororo, akapanda ndani ya bomba la moshi, akang'oa nondo iliyomzuia, akaifanya nondo ile kuwa zana yake, akavunja mlango baada ya mlango mpaka akatokea juu ya paa. Na hapo, alipoona kwamba urefu wa ukuta utamvunja miguu, akarudi njia ile ile yote gizani mpaka chumbani mwake kuchukua blanketi, akaenda tena juu, akaliteremkia. Mimi nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na sijaacha kustaajabu kwamba ufundi wa useremala aliouacha ndio uliomtumikia mpaka mwisho.

Watu wa Wild walikuwa wamemkamata zamani kwa kumlevya mpenzi wake mpaka akasema alipo; lakini safari hii alikamatwa kwa upuuzi wake mwenyewe, amelewa, amevaa suti nzuri ya wizi, akiwanywesha watu vilabuni. Walinzi wa Newgate wakatoza kiingilio kwa waliotaka kumtazama. Mchoraji wa mfalme, Sir James Thornhill, akaja kuichora sura yake. Tarehe 16 Novemba, 1724, akanyongwa Tyburn mbele ya halaiki ambayo waandishi wa siku zile waliikadiria kuwa watu 200,000, na kijitabu cha maisha yake kikauzwa njiani alipokuwa akipita. Umri wake ulikuwa miaka 22.

Kifo hicho ndicho kilichomgeuzia Wild uso wa watu. Mwezi uliotangulia, rafiki wa Sheppard aliyeitwa Joseph Blake alimrukia Wild uani pa Old Bailey akamkata koo kwa kisu kidogo. Wild alipona, lakini kwa majuma kadhaa alilala kitandani, na genge lake likaonja kuishi bila ya bwana. Februari ya 1725 akakamatwa. Hapa tarikhi ina kejeli yake. Mwaka 1718 Bunge lilikuwa limeshatunga sheria kwamba kupokea malipo kwa ajili ya kumrejeshea mtu mali yake ya wizi, bila ya kumfikisha mwizi mahakamani, ni kosa sawa na wizi wenyewe. Kila mtu mjini alijua kwamba sheria hiyo imetungwa kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo akaendelea na kazi kwa miaka saba bila ya kuguswa. Akiwa ndani ya Newgate, akisubiri hukumu kwa mambo mengine, akapokea gini 10 kutoka kwa bibi mmoja muuza lesi ili arudishiwe mali iliyoibwa dukani mwake. Alishtakiwa kwa kuiba lesi hiyo, akaachiwa. Akashtakiwa kwa kupokea zile gini, akahukumiwa kufa. Kabla ya hukumu aliwagawia wazee wa baraza karatasi iliyochapishwa yenye orodha ya watu aliowafikisha mahakamani: wanyang'anyi 35, wavunja nyumba 22, na 10 waliorudi kwa siri kutoka uhamishoni. Aliileta kama utetezi. Usiku wa kuamkia kunyongwa alikunywa afyuni ili ajiue, tumbo likaikataa. Na tarehe 24 Mei, 1725, umati uliomlilia Sheppard ukamrushia yeye mawe na matope njia nzima ya Tyburn. Mifupa yake ingali imehifadhiwa na chuo cha madaktari wapasuaji wa London.

Waandishi walimfaidi kuliko walivyomfaidi mahakimu. John Gay alimweka jukwaani mwaka 1728, na Henry Fielding akaandika riwaya juu yake mwaka 1743, akimfananisha dalali wa wevi na mawaziri wakuu. Fielding huyo, alipokuwa hakimu wa Bow Street, ndiye aliyekusanya mwaka 1749 kikundi cha kwanza cha wapelelezi wa kudumu, na nduguye kipofu, John, akakiendeleza. Watu hao walikuwa waaminifu kuliko Wild, walakini walikula kwa kapu lilelile: mshahara wao mdogo ulijazilizwa na zawadi za kukamata na ada za walioibiwa. Ndiyo maana mwaka 1754 ikafichuka kwamba genge la Stephen MacDaniel lilikuwa likiwashawishi vijana wajinga waingie katika unyang'anyi wa kubuni, kisha likiwakamata na kupokea paundi 40 kwa kila roho. Walipowekwa katika mkatale hadharani, mwaka 1756, mmoja wao aliuawa na watu kwa mawe. Zawadi haikufutwa. Iliendelea hadi 1818, miaka 93 baada ya kunyongwa kwa Wild, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyeweza kusema bila shaka ni wangapi waliokufa kwa makosa yao na wangapi kwa bei yao.

Mabadiliko ya kweli yalitoka mtoni. Meli za sukari, kahawa na ramu zilijaa katika Thames, na hakimu Patrick Colquhoun alikadiria kwamba katika wafanyakazi 33,000 wa mtoni 11,000 ni wevi. Mwaka 1798 akafungua Wapping kikosi cha polisi waliolipwa mshahara na wafanyabiashara wa meli, ambao kazi yao ilikuwa kuzuia wizi usitokee. Kutoka hapo mpaka polisi wa Sir Robert Peel, mwaka 1829, njia ilikuwa wazi. Siwasifu kupita kiasi: mwaka 1877 wakuu kadhaa wa askari kanzu wa Scotland Yard walishtakiwa kwa kula rushwa za matapeli wa mbio za farasi, na kitengo kizima kikaundwa upya.

Mtashangaa kwamba sijataja mwuaji wa Whitechapel wa mwaka 1888. Namtaja sasa, kwa ufupi anaoustahili. Wanawake watano, maskini wote, waliuawa kati ya Agosti na Novemba, na mwuaji hakujulikana; hata jina alilopewa na ulimwengu lilitoka katika barua ambayo polisi waliamini kwamba imeandikwa na mwandishi wa habari. Tangu hapo vitabu havijakoma, na vingi vinamtafuta yeye, vikiwasahau Mary Ann Nichols na wenzake. Ama ndugu wawili, Ronnie na Reggie Kray, waliofungwa maisha mwaka 1969, hao walikuwa wamiliki wa vilabu waliopigwa picha na watu mashuhuri, na kwa maoni yangu picha hizo ziliwalinda kuliko bunduki zao.

Narudi kwa dalali, kwa kuwa hakufa Tyburn. Katika miji yetu hii, mtu akiibiwa kioo cha pembeni cha gari usiku, asubuhi huelekezwa na jirani mwema mahali pa kwenda kukinunua kioo chake mwenyewe, naye huenda, hupatana bei, hurudi nyumbani akishukuru. Akiibiwa simu au hati, huandika tangazo kwamba atakayeirudisha atapewa kitu na wala hataulizwa neno. Maneno hayo ndiyo yaliyojaza magazeti ya London katika siku za Wild, na Waingereza wakaishia kuyapiga marufuku, katazo lililowekwa pia katika sheria yao ya wizi ya mwaka 1861. Kisha katazo hilo likasafiri na utawala wao mpaka huku. Limo leo katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na katika ile ya Kenya: anayetangaza zawadi ya kurudishiwa mali ya wizi kwa ahadi kwamba hakuna maswali yatakayoulizwa ametenda kosa, na aliyelichapisha tangazo hilo ametenda kosa pamoja naye.