Usifumbie Macho Unalolijua

Leo tunajifunza misemo miwili ya Kiingereza inayohusu kufanya uamuzi.

Wa kwanza ni “take into account”, yaani kutilia maanani. Ukiambiwa mkopo una riba ndogo, tilia maanani pia ada zake na muda wa kulipa.

Wa pili ni “turn a blind eye”, yaani kufumbia macho jambo unalolijua. Msemo huu huhusishwa na Horatio Nelson, kamanda wa majini wa Uingereza, aliyepoteza uwezo wa jicho lake la kulia vitani Corsica mwaka 1794. Tarehe 2 Aprili 1801, katika mapigano ya Copenhagen, mkuu wake alipandisha bendera za kuamuru mapigano yasitishwe. Husimuliwa kwamba Nelson aliweka darubini kwenye jicho lile bovu, akasema haoni ishara yoyote. Akaendelea kupigana, akashinda.

Ushindi wake usitudanganye. Breki mbovu haziponi kwa kufumbiwa macho, wala onyo la daktari halifutiki. Kabla ya kuamua, jiulize: ni lipi ninalolijua lakini sitaki kulitazama? Anza na hilo.