Matone Si Mkojo

Wasikilizaji wangu wa Shishiyu na Maswa yote, narudi kwenye jambo lile lile la mkojo wa watoto wa kiume, na wiki ijayo nitalirudia, maana bado linatuletea watoto waliochelewa.

Juzi mama kaleta mtoto wa kiume wa wiki tatu, tumbo limekaza kama ngoma. Mkojo unatoka tone, unakata, tone tena, mtoto anajikamua mpaka mishipa ya shingo inatokeza. Nyumbani wamemnywesha mizizi siku nne. Siku nne!

Baadhi ya watoto wa kiume huumbwa na vijingozi ndani ya mrija wa mkojo, vinaziba njia. Mkojo hurudi nyuma, kibofu kinavimba, figo zinajaa maji na kuharibika, tangu tumboni mwa mama. Kuanzia katikati ya mimba, maji ya chupa anamoogelea mtoto karibu yote ni mkojo wake. Njia ikiziba, maji hayo yakakauka, hata mapafu hayakui vizuri.

Altrasaundi huweza kuonyesha hayo. Lakini ninyi kliniki mnaanza mimba ina miezi saba, eti mpaka palizi ya pamba iishe, na mkipimwa swali ni moja tu: wa kike au wa kiume? Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito apimwe kabla ya wiki 24. Ulizeni: figo zikoje? Kibofu je? Maji yanatosha?

Ukiambiwa kuna tatizo, usitoroke kliniki. Maji kidogo kwenye figo mara nyingi huisha yenyewe, ila ajuaye ni mpimaji. Na wewe baba, nenda na mkeo! Nimemsikia mmoja akimlaumu mkewe kwamba kakanyaga dawa za watu. Vijingozi hivi havitokani na laana, chakula wala jembe. Ombeni rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, mapema, nauli iwe imeshatengwa. Mtoto akizaliwa huwekewa mpira wa mkojo, kisha vijingozi hukatwa kwa kifaa chembamba kinachopita njia hiyo hiyo. Sitawadanganya: wapo ambao figo zimeshachoka, na wote hufuatiliwa kwa miaka.

Akina bibi, ninyi ndio mnaoogesha. Mizizi iacheni, mtazameni mtoto akikojoa. Matone yakidondoka badala ya mkojo kuruka, msingoje kesho: mpelekeni leo, na kadi ya kliniki mkononi.