Usiogope Kujua

Mazungumzo ya redio. Somo: Marko 5:21–34

Nawasalimu ninyi mlio Homa Bay na Mbita, mlio Rongo, Awendo na Migori, nanyi mlio ufuoni Karungu na Muhuru, mnaoanika omena huku redio ikiwa kando yenu. Leo nataka tuzungumze juu ya hofu. Sisemi hofu ya chui wala ya nyoka, maana hofu hiyo Mungu ametupa ili tupate kukimbia. Nasema hofu ile inayomfanya mtu asitake kujua.

Katika Injili ya Marko, mlango wa tano, twasoma habari za mwanamke aliyetokwa na damu kwa muda wa miaka 12. Mali yake yote aliimaliza kwa matabibu, wala hakupata nafuu. Tena kwa Sheria ya Musa alihesabiwa kuwa najisi, na hata kiti alichokalia kilikuwa najisi. Hebu fikiri, miaka 12 bila kupewa mkono wa salamu! Ndiyo maana alimjia Yesu kwa nyuma, katikati ya msongamano, akagusa vazi lake kimya kimya, akitumaini kupona na kwenda zake pasipo mtu kujua.

Akapona. Lakini Yesu alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa. Kwa nini aulize? Yairo alikuwa akingoja, binti yake yu mahututi, na haikuwa saa ya kukawia njiani. Nadhani Bwana aliona kwamba damu imekoma, lakini hofu bado ipo. Mwili umepona, na moyo ungali umejificha. Basi yule mama akajitokeza. Angalieni alivyojitokeza: alikuwa akitetemeka, naye akaeleza yote mbele ya watu. Hakungoja hofu iishe ndipo aje. Alikuja nayo. Wala Yesu hakumkemea kwa kutetemeka kwake. Alimwita binti, akaisifu imani yake, akamwaga kwa amani.

Sasa turudi kwetu. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Tangu hapo sehemu zetu hizi za Homa Bay na Migori, pamoja na Siaya na Kisumu, zimekuwa miongoni mwa zilizoumia kuliko zote nchini. Miaka ile ya kwanza hatukutaka hata kuutaja. Mtu alipokonda tulisema ni chira, kwamba jamaa imevunja mwiko. Yakatafutwa manyasi ili anywe. Wengine wakasema amerogwa. Tukazika, tukanyamaza, tukazika tena.

Siku zile hofu ilikuwa na sababu, kwa maana kujua kulikuwa sawa na kuhesabiwa siku za kufa. Lakini mwaka 2001, hapa hapa katika hospitali ya Homa Bay, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kuwapa wagonjwa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo, wakati dawa hizo zilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida. Tangu hapo zimefika hata katika zahanati zetu. Mwenye kuzimeza kila siku bila kukosa aweza kuishi mpaka awapakate wajukuu wake. Virusi vikipungua hata kipimo kisivione, naye akaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Mama mjamzito anayetumia dawa vizuri aweza kumzaa mtoto asiye na virusi.

Mbona basi wako wasiotaka kupimwa? Hofu ya kifo imepungua, lakini hofu ya watu imebaki. Mtu apanda matatu kutoka Rongo mpaka Kisii kuchukua dawa, ili jirani asimwone. Mume aficha dawa zake, mke naye aficha zake, nao walala kitanda kimoja. Mvuvi asema ziwa laweza kumwua kabla ya ugonjwa, basi ya nini kupimwa? Ndugu zangu, huyo ni yule mwanamke tena, anakuja kwa nyuma.

Nchini Uganda yuko kasisi wa kanisa letu la Kianglikana, Gideon Byamugisha. Mkewe alifariki mwaka 1991. Baadaye yeye mwenyewe alipimwa, akakutwa na virusi. Angeweza kunyamaza, maana alikuwa kasisi, na watu walikuwa wakisema kwamba ugonjwa huo ni wa wazinzi tu. Lakini mwaka 1992 alisema wazi. Kanisa lake halikumtupa. Alipewa kazi katika Dayosisi ya Namirembe kuwafundisha wengine juu ya ugonjwa huo huo. Akaoa tena, akaishi miaka mingi akihubiri, na wengi waliokuwa wamejificha wakapata ujasiri kwa ajili yake.

Hapa nina neno kwa Wakristo wote. Yohana, katika waraka wake wa kwanza, mlango wa nne, atufundisha kwamba kinachoifukuza hofu ni upendo. Basi jirani yako akiogopa kujitokeza, usimlaumu yeye peke yake. Jiulize ameona upendo gani kwako. Je, mikutano yetu ya akina mama ni mahali pa kusema kweli, au ni mahali pa kunong'onezana? Na wewe mhubiri unayemwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani, nakusihi, acha. Yule mwanamke aliisema kweli yote, wala imani yake haikupungua. Imani haiogopi kipimo, wala haishindani na kidonge.

Nawe ndugu, nawe mama, unayenisikiliza huku moyo ukikudunda: usingoje mpaka uwe shujaa. Nenda juma hili, hata kama miguu inatetemeka. Chukua mtu mmoja unayemwamini aende nawe. Majibu yoyote utakayopewa, Bwana ameyajua tangu zamani, naye hajakuacha. Yeye aliyemwita mwanamke yule binti hatakuita kwa jina baya.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe wajua tunachokificha. Utupe nguvu ya kuja kwako tukiwa na hofu yetu, na ulifanye Kanisa lako kuwa mahali ambapo mtu aweza kusema kweli na kwenda zake kwa amani. Amina.