Maziwa ya Mbuzi Nayo Yachemshwe



Mara nyingi tunaulizwa: kwa kuwa ugonjwa wa kutupa mimba ni wa ng'ombe, je, maziwa mabichi ya mbuzi ni salama? La, si salama. Bakteria wa brusela waliainishwa kwa kufuata mnyama: wa ng'ombe, wa mbuzi na kondoo, wa nguruwe. Hata hivyo, vinasaba vyao vinafanana kwa zaidi ya asilimia 90, kiasi kwamba mwaka 1985 wanasayansi walipendekeza wahesabiwe kuwa spishi moja. Tena yule wa mbuzi ndiye humdhuru binadamu zaidi, kwa homa ya vipindi na maumivu ya viungo. Rangi na ladha ya maziwa hazimfichui. Moto huwaua wote. Tunawasihi: chemsheni maziwa mpaka yatokote, ndipo mnywe.