Maji ya Paa Lako Huenda Wapi?

Mazungumzo ya leo ni habari ya nyumba, wala si ya ndani ya nyumba bali ya nje yake: paa, mlizamu, mfereji, shimo la choo, na mti usimamao karibu na ukuta. Nasema hasa na watu wa Kinondoni na Temeke, mkaao Mwananyamala, Tandale, Hananasif, Mtoni, Yombo na Mbagala, ingawa maneno haya yawafaa watu wa pwani yote.

Majira yetu twayajua. Kaskazi huvuma tangu Desemba, na ifikapo Machi hulegea. Huja siku za maleleji, upepo usijue uende wapi, kisha kusi huanza na masika huja pamoja nayo, mvua ikanyesha hata Mei. Vuli ni mvua ndogo, ya Oktoba mpaka Desemba, lakini isidharauliwe. Gharika ya mwaka 2011 iliyoua watu zaidi ya 40 katika Dar es Salaam haikuwa ya masika. Ilikuja mwezi wa Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, na baadaye watu wengi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Basi mwenye nyumba ana nafasi mbili za kujitayarisha: Januari na Februari, tena Agosti na Septemba. Ni kweli kwamba bati la kiangazi huchoma mikono ya fundi, lakini bati lenye maji humwangusha.

Kabla ya kusema habari ya misumari nitawapa hesabu ndogo. Wanafunzi mnaosikiliza, chukueni kalamu. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba, hutoa lita 1 ya maji. Nyumba yenye vyumba sita, kama zilivyo nyumba zetu nyingi za Kiswahili, ikiwa urefu wake ni mita 10 na upana mita 8, paa lake hufunika mita za mraba 80. Ikinyesha milimita 50 usiku mmoja, jambo lisilo la ajabu katika Aprili, paa hilo litamwaga lita 4,000, yaani madebe 200 ya lita 20. Kila aliyepata kujitwika debe moja la maji ajua uzito wake. Sasa fikiri kwamba mtu anakuja usiku, nawe umelala, anamwaga madebe 200 kwenye ukuta wako.

Mtu huyo nalikuwa mimi. Mwaka mmoja niliezeka upya nyumba yangu huko Mwananyamala, nikatia na mlizamu, ambao mafundi wa siku hizi huuita gata. Ulikuwa mpya, waning'aa, nami niliuonea fahari. Fundi aliniuliza, "Mzee, maji tuyatoe upande gani?" Nikamjibu bila kufikiri, "Yatoe kule nyuma." Kule nyuma palikuwa na uchochoro wa hatua mbili tu, na ng'ambo yake nyumba ya bibi mmoja mjane, ukuta wake wa miti na udongo. Mvua ya kwanza ikapita, na ya pili. Ilipokuja ya tatu, ukuta wa bibi yule ulilala chini alfajiri. Yeye alikuwa amekwisha amka kwa sala, na wajukuu walikuwa wamelala chumba cha mbele; ndiyo sababu hakuumia mtu. Nikaenda haraka. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi. Pole kwa mvua." Akaitikia, "Marahaba," akanitazama kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mvua ni ya Mungu, lakini mlizamu ni wako."

Sikuwa na jibu. Nilimjengea ukuta mwingine wa matofali, na gharama yake ilipita gharama ya mlizamu wenyewe. Tangu siku ile, kila nitengenezapo nyumba huanza kule maji yanakokwisha, nikarudi nyuma mpaka paani.

Nanyi fanyeni hivyo. Tokeni nje siku kavu, msimame chini ya upenu, mtazame ardhi inainamia wapi. Ulizeni: maji yakiacha uwanja huu yataingia wapi? Jibu haliwi moja kwa kila mtaa. Katika vilima vya Mbagala ardhi ni mchanga. Maji hunywewa upesi, lakini yakishuka kwa nguvu mchanga huo hukimbia nayo, na msimu mmoja waweza kuchimba korongo mlangoni pako. Huko kazi kubwa ni kuyapunguza mwendo: kuweka mawe pale mlizamu unapomwaga, kupanda ukoka kwenye mteremko, na kujaza udongo katika matairi makuukuu na kuyapanga ngazi kwa ngazi. Katika Tandale au Hananasif mambo ni mengine. Huko maji ya chini yako karibu, ukichimba kidogo wayakuta, na shimo la kunyonya maji hujaa kabla ya mvua kwisha. Hapo hapana budi kuyapeleka kwenye mtaro wa watu wote, na mtaro huo uwe wazi.

Nao mara nyingi hauwi wazi. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa zimebaki, na vifuu, na matambara, na mchanga wa wajenzi. Mtaro uliozibwa nyumba ya tano huijaza nyumba ya kwanza. Kwa hiyo mtu mmoja hawezi kuusafisha mtaro peke yake akafaidi. Yampasa aende kwa mjumbe, siku itangazwe, watu watoke na majembe. Tena takataka zilizozolewa zisiachwe ukingoni. Nimeona mara nyingi watu wakifanya kazi njema asubuhi nzima, wakalundika tope kando ya mtaro, na mvua ya kwanza ikairudisha yote mahali pake.

Sasa nitasema jambo lenye aibu, maana kulinyamazia ni vibaya zaidi. Wako watu wangojao mvua kubwa ili watapishe vyoo. Usiku, maji yakipita kwa kasi, hutoboa shimo na kuuachia uchafu wote uende na mkondo. Hujiona wamepata nafuu ya fedha. Lakini mkondo ule hupita milangoni, huingia visimani, na watoto hucheza ndani yake kesho yake. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi ya nchi, na ugonjwa huo hauna njia nyingine kubwa kuliko maji na chakula vilivyochanganyika na kinyesi. Basi shimo lipunguzwe kabla ya masika. Gari la kunyonya likifika mtaani kwako, liite. Na katika vichochoro lisikopita, wako watu wenye pampu ndogo za mkono wafanyao kazi hiyo. Mdomo wa shimo uinuliwe juu ya ardhi kiasi cha maji yaliyosimama mwaka jana, nawe alama yake utaiona ukutani.

Mlizamu wenyewe hauna maneno mengi. Uinamie upande mmoja, na majani ya mwembe yaondolewe. Mwenye pipa au tangi na ayaachie maji ya mvua ya kwanza yapite, maana yameosha vumbi na mavi ya ndege. Yanayofuata ayakinge, naye afunike. Mbu aletaye homa ya dengi, iliyowasumbua watu wa jiji hili mwaka 2014 na tena 2019, hazai katika matope. Hupenda maji safi yaliyotulia katika pipa, kifuu, tairi, hata katika mlizamu ulioinama vibaya. Kwa hiyo matairi yale niliyoyataja yajazwe udongo mpaka juu.

Tupande paani. Watu wengi hufikiri kwamba upepo huling'oa bati kwa kulipiga kutoka juu. Sivyo. Hupenya chini ya upenu ukalisukuma kwenda juu, na huku upepo upitao juu ya paa unalivuta. Kwa sababu hiyo bati huanza kung'oka pembeni na kwenye upenu, na hapo ndipo misumari iwe karibu karibu. Msumari upigwe katika mgongo wa bati, wala si katika bonde lake maji yanamopita, nao uwe na mpira wake. Pale bati moja linapolala juu ya jingine, mdomo wa kiungo usielekee kusi. Kenchi zifungwe ukutani kwa waya mnene, maana paa lililopigiliwa vizuri juu ya kenchi zisizofungwa huondoka zima zima. Na yale mawe tuyawekayo juu ya bati kulizuia? Hayazuii kitu siku ya upepo wa kweli, na yanapoanguka hayachagui kichwa.

Labda mtu atasema, "Pwani yetu haina tufani, hizo ni habari za Bukini na Msumbiji." Ni kweli kwamba hatuzipati mara kwa mara. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja vyombo bandarini na kuangusha mikarafuu na minazi mingi mno. Tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili baadaye, nyingine ilipiga Lindi. Na mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu karibu na Mafia, mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa habari kabla, nazo husomwa katika redio. Mwenye kuzisikia aondoe uwanjani mabati ya akiba, mbao, na kila kitu kiwezacho kuruka.

Mnazi mkavu uangushwe kabla haujajiangusha. Mwembe ukatwe matawi yaliyokufa na yale yanayolala juu ya paa, lakini tawi likigusa waya wa umeme usilipandie na panga; wapelekee habari watu wa TANESCO. Waya uliochunika ukigusa bati lililolowa, nyumba nzima yaweza kuua.

Lakini hayo yote ni kwa nyumba iliyo mahali pake. Aliyejenga katika mkondo wa Msimbazi, au wa Mto Ng'ombe, au wa Kizinga, hatasaidiwa na mlizamu wala na viroba vya mchanga mlangoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yataka mita 60 ziachwe tangu ukingo wa mto. Najua kiwanja cha bondeni ni rahisi, na najua si kila mtu ana pa kwenda. Huyo na ajue angalau usiku gani asilale, na watoto atawapeleka kwa nani. Na nyumba hiyo ya kuwapokea aiombe mapema, mchana, kwa maneno.

Ule uchochoro wetu wa Mwananyamala sasa una mfereji wa saruji. Tuliuchimba nyumba sita pamoja, na bibi yule ndiye aliyesimama mbele kutuonyesha maji yalipita wapi tangu zamani, kabla hatujajenga sisi. Mlizamu wangu wamwaga humo. Kila Februari hugonga mlango wangu kwa fimbo, akaniuliza kama nimekwisha kuondoa majani.