Ushuru Haufuati Anwani: Kuchagua Pa Kuishi kati ya Githurai na Thika



Githurai ni mtaa mmoja wenye kaunti mbili. Githurai 44 iko Nairobi. Githurai 45 iko Kiambu. Majina yenyewe yalitokana na nambari za matatu, na muuza nyanya anayevuka asubuhi na jioni hana haja ya kujua ameingia serikali gani. Hata hivyo mpaka upo. Mwenye duka upande huu huomba leseni Nairobi, na wa upande ule huiomba Kiambu. Ushuru wa ardhi nao hufuata mpaka huohuo. Kama kuna mahali nchini ambapo mtu angeweza kumkimbia mtoza ushuru kwa kuvuka barabara tu, ni hapo. Lakini kaa stejini siku nzima uwaulize wanaopakia vitanda na magodoro juu ya mikokoteni wanahama kwa nini. Utasikia habari za maji, kodi ya nyumba, shule ya watoto, mwenye nyumba mkorofi, ndoa iliyoanza au iliyovunjika. Ushuru hutausikia. Jioni hii nataka tuulize sababu, na kama watu hawa wanakosea hesabu au wanaijua kutushinda sisi tunaoifundisha.

Swali hili tumeletewa sana na jamaa zetu walio Marekani. Aliye Texas huja likizo ya Desemba akatukumbusha kwamba jimbo lake halitozi ushuru wa mapato, na kwamba binamu yake wa Massachusetts au Minnesota anaumia. Kuhusu mapato anasema kweli. Asichokisema ni kwamba Texas huingia kwa mlango mwingine. Ushuru wa nyumba na ardhi huko ni miongoni mwa ulio mzito kabisa nchini humo, na ule wa mauzo ni asilimia 6.25 kwa jimbo, ukifika 8.25 mji na wilaya zikiongeza zao. Anayepanga hapati hati ya ushuru wa nyumba, kwa hiyo hudhani haulipi. Mwenye nyumba ameshautia ndani ya kodi.

Angalau ndugu yetu huyo ana la kuchagua. Hapa kwetu, Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kimeipa serikali ya taifa peke yake ushuru wa mapato, VAT, forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti zimeachiwa ushuru wa ardhi na majengo, ushuru wa burudani na ada za huduma, na nyingine yoyote ambayo Bunge litaruhusu kwa sheria. Kifungu hichohicho kinazikataza kaunti kutumia mamlaka yao kwa namna ya kuzuia watu, bidhaa au mtaji kuvuka mipaka. Maana yake ni kwamba mshahara wa Sh40,000 unakatwa sawasawa, uwe unalala Makongeni hapa Thika, Kimbo kule Ruiru, Kileleshwa ya Nairobi au Lodwar kule Turkana. Viwango vya mshahara huanzia asilimia 10 kwa Sh24,000 za kwanza na kupanda hadi 35 kwa mishahara mikubwa kabisa. Bima ya afya ya SHIF huchukua asilimia 2.75, yaani Sh1,100, na tozo ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, yaani Sh600. Karatasi ya mshahara haiulizi unakaa wapi.

Katika sheria zetu kuna mahali pachache ambapo anwani inahesabika. Ushuru wa stempu wakati wa kununua ardhi ni asilimia 4 ndani ya manispaa na 2 nje yake. Kwa ploti ya Sh2,000,000 hiyo ni tofauti ya Sh40,000, nayo hulipwa mara moja. Ushuru wa ardhi wa kila mwaka ndio ungepaswa kuwa na uzito zaidi, lakini tazameni ulivyoachwa uzeeke: Nairobi iliendelea kwa karibu miaka 40 kutoza ushuru kwa kufuata thamani ya ardhi iliyokadiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bei za viwanja zilipanda hadi mawinguni na daftari la uthamini likabaki chini. Ushuru uliochakaa namna hiyo haumhamishi mtu.

Mwaka wa 1956 mwanauchumi Charles Tiebout aliandika makala fupi iliyozaa maktaba nzima. Alisema watu wakiwa na miji mingi ya kuchagua, kila mmoja na ushuru wake na huduma zake, watapiga kura kwa miguu: watahamia mji unaowauzia wanachotaka kwa bei wanayoimudu. Ni wazo zuri, na wanafunzi wangu hulipenda upesi mno. Basi wasome masharti aliyoyaweka mwenyewe. Mtu awe na habari kamili. Huduma za mji mmoja zisivujie mji mwingine. Na hili sasa, nalisema polepole: mahali pa kazi pasimfunge mtu. Tiebout aliwawazia watu wanaoishi kwa gawio la hisa.

Nani katika mtaa wa mabanda wa Kiandutu, hapa Thika, anaishi kwa gawio? Mji huu umejengwa kufuata mageti ya viwanda. Reli ilifika Thika mwaka 1913, mashamba ya mkonge na kahawa yakashika pande zote, kisha vikaja viwanda: Thika Cloth Mills, Del Monte na mananasi yake ambayo mashamba yake yamevuka mpaka wa Kiambu na Murang'a, Bidco, magari ya KVM, na kule Ruiru vyuma vya Devki na maziwa ya Brookside. Kibarua anayeajiriwa kwa siku lazima awe getini kabla jua halijatoka, kwa sababu anayechelewa hachukuliwi. Nyumba yake huchaguliwa na geti. Kuhusu kuvuja kwa huduma, nendeni Hospitali ya Thika Level 5 siku yoyote ya kliniki. Mtakuta mama aliyevuka kutoka Murang'a na kijana kutoka upande wa Machakos. Hakuna muuguzi anayemuuliza mgonjwa kaunti yake kabla ya kumpima presha, na Mungu apishe mbali siku atakapouliza.

Sehemu ya wazo la Tiebout inayotufaa ilitengenezwa na mwingine, Wallace Oates, mwaka 1969. Alipima miji 53 ya New Jersey akaona kwamba ushuru na ubora wa shule huingia katika bei ya nyumba. Mji wenye ushuru mdogo na shule nzuri hauwi bwerere, kwa sababu watu huukimbilia na bei ya nyumba hupanda mpaka faida imemezwa. Aliyekuwa na ardhi mapema ndiye aliyefaidi. Anayekuja baadaye ameshailipia.

Sisi tulifanyiwa jaribio hilo kwa lami. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa rasmi na Rais Kibaki Novemba 2012. Hakuna mwenye ploti Ruiru aliyeulizwa alipe zaidi kwa kupata barabara hiyo. Fedha zilitoka hazina ya taifa na mikopo. Lakini ardhi iliyokuwa kahawa ikawa ghorofa, na sensa ya 2019 ikaukuta mji wa Ruiru na watu 490,120, wa nne kwa ukubwa nchini, mbele ya Eldoret na Kisumu. Thika yenyewe, dada mkubwa, ilikuwa na 251,407. Faida ya barabara ya umma iliingia mifukoni mwa wenye viwanja, na mpangaji anailipa kila tarehe tano. Daftari la uthamini lingekuwa hai, kaunti ingerudisha sehemu ya faida hiyo na kuijengea mitaro ya maji taka. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani ushuru mdogo wa ardhi ni rehema kwa maskini.

Sasa tufanye hesabu ambayo watu wa Githurai huifanya kichwani. Mchukueni mfanyakazi wa Sh40,000 anayekaa Ruiru na kufanya kazi Nairobi. Tuseme nauli ni Sh100 kwenda na Sh100 kurudi, siku 24 kwa mwezi: Sh4,800. Hiyo ni karibu mara tatu ya SHIF na tozo ya nyumba zikijumlishwa, na sijaweka siku ya mvua, nauli inapopanda hata kabla kondakta hajafungua mlango. Bomba likiwa kavu, ananunua maji kwa mkokoteni. Mitungi mitano ya lita 20 kwa siku, tuseme Sh20 kila mmoja, ni Sh3,000 kwa mwezi. Kwa bei hiyo lita 1,000 zinagharimu Sh1,000, bei ambayo wateja wa RUJWASCO na THIWASCO, kampuni za maji za Ruiru-Juja na Thika, wenye bomba linalotiririka wangeandamana wakitozwa. Kama anaishi kwenye mtaa wa kujigharamia, kuna mchango wa mlinzi, wa taa, wa kumwaga murram kabla ya mvua za Aprili, na wa lori la kunyonya maji taka. Hakuna risiti ya mamlaka ya ushuru, KRA, kwa lolote kati ya haya. Lakini kila moja ni malipo ya lazima kwa kitu ambacho, penye serikali inayofanya kazi, ushuru hukinunua kwa wingi na kwa bei nafuu. Mimi nayahesabu kuwa ushuru, na ni huu unaobadilika mtu akihama mtaa. Anayehama kutoka Kimbo kwenda Makongeni ili atembee kwa miguu hadi kiwandani amejipunguzia ushuru kuliko Bunge lolote litakavyompunguzia.

Maji yanastahili neno zaidi, maana ndiyo kisa chungu. Bwawa la Ruiru lilijengwa wakati wa ukoloni, mabomba yake yakaelekezwa Nairobi. Bwawa la Ndakaini, huko Gatanga katika kaunti ya Murang'a, nalo linainywesha Nairobi, na viongozi wa Murang'a wamedai kwa miaka mingi mgawo wa mapato yake. Mtu wa Ruiru aliishi chini ya mabomba yanayompita. Bwawa la Karimenu II huko Gatundu Kaskazini, lililokamilika 2022, ndilo lililokusudiwa wazi kwa Ruiru, Juja na Gatundu. Kwa hiyo mtu akiniuliza ahamie wapi, simuulizi kwanza kuhusu viwango vya kaunti. Namwambia aende mtaa huo Jumanne, afungue bomba la jirani.

Kuna upande mmoja ambako ushuru kweli hufuata anwani, nao si upande wa mfanyakazi. Chini ya Sheria ya Maeneo Maalum ya Kiuchumi ya 2015, kampuni yenye leseni ndani ya eneo kama Tatu City, hapo Ruiru, hulipa asilimia 10 ya faida kwa miaka 10 ya kwanza na 15 kwa miaka 10 inayofuata. Kampuni iliyo nje ya ukuta hulipa 30. Fundi wa mashine wa ndani na fundi mwenzake wa nje hukatwa mshahara kwa kiwango kimoja. Mtaji unaoweza kwenda Addis Ababa au Kigali hubembelezwa. Mtu aliyefungwa na geti, mkopo wa sacco na shule ya watoto habembelezwi. Sisemi punguzo hilo halileti ajira. Nasema gharama ya barabara, polisi na hospitali zinazotumiwa na kiwanda haipungui kwa sababu kiwanda kimepunguziwa, na inayobaki huenda kwa asiyeweza kuondoka.

Tena ushuru uliwahi kuwahamisha watu katika ardhi hii, ila kinyume kabisa na Tiebout. Ushuru wa kibanda ulianza 1901, ukafuatwa na ushuru wa kichwa 1910, na ulidaiwa kwa fedha taslimu kutoka kwa watu ambao utajiri wao ulikuwa mbuzi na mtama. Njia ya kupata rupia ilikuwa kwenda kuchuma kahawa ya settla. Maofisa wa wakati huo hawakuficha kwamba upungufu wa vibarua ulikuwa sababu mojawapo. Mashamba ya Ruiru na Thika yalijaa watu ambao hawakuchagua mji wenye huduma bora. Walikuwa wanatafuta pesa za kumlipa anayewatoza.

Albert Hirschman, katika kitabu chake cha 1970, alisema mtu asiyeridhika ana njia mbili: kuondoka au kusema. Kwa ushuru wa taifa hakuna pa kuondokea ndani ya Kenya, na Juni 2024 vijana walisema, wengine wakilipa kwa uhai wao, mpaka Mswada wa Fedha ukaondolewa. Kwa ushuru wa kaunti kimya ni kikubwa ajabu. Wengi wa Ruiru wamejiandikisha kupiga kura kwao, Murang'a, Nyeri au Kakamega. Kuna wanaofunga safari hadi huko usiku wa sensa wakahesabiwe, ilhali idadi ya watu ni kipimo kimojawapo cha mgao wa kaunti. Wananywa maji ya Kiambu, wanahesabiwa kwingine, kisha wanashangaa bomba kuwa jembamba.

Kaunti hupitisha Sheria yake ya Fedha ndani ya siku 90 baada ya bajeti, na lazima iwasikilize wananchi kwanza. Vikao hivyo vikiitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, zamu ya kwanza iko kwenye mashine na ya usiku imelala, na wanaobaki kuzungumza ni wenye viwanja na wenye malori. Pendekezo langu kwa bunge la kaunti ni dogo na halihitaji pesa: kikao cha Thika kiwe Makongeni, na cha Ruiru kiwe karibu na stesheni, Jumapili alasiri, na viwango vya ushuru wa ardhi vibandikwe kwenye mageti ya viwanda wiki mbili kabla.