Sikio na Sarufi: Mazungumzo Yaliyosomwa Mbele ya Wanachama, Ruaha Mbuyuni



Tumetakiwa kusema juu ya jambo ambalo yamkini wengine wataliona kuwa ni kazi ya waalimu peke yao, nalo ni jinsi ya kuwazoeza vijana wetu kusikia Kiingereza na kuishika sarufi yake kabla hawajaingia katika mtihani wa Kidato cha Nne. Sisi twadhani si kazi ya waalimu peke yao. Mwalimu mmoja mbele ya darasa kubwa hawezi kulisikiliza sikio la kila mtoto, lakini karani aliye na kijana mmoja au wawili nyumbani aweza, tena bila gharama.

Hali yenyewe mwaijua. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za Serikali, isipokuwa chache, zimefundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza kimekuwa somo moja kati ya mengine. Mtoto akiisha kuvuka kwenda sekondari, hukuta hesabu, jiografia, elimu ya viumbe na historia vyote vimevaa nguo ya Kiingereza kwa siku moja. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walitoa taarifa baada ya kupima shule zetu, wakaeleza kwamba wanafunzi walio wengi wa sekondari hawakifikii kiwango cha Kiingereza cha kuwawezesha kujifunza masomo mengine kwa lugha hiyo. Vitabu vya hadithi nyepesi vikaletwa mashuleni baada ya hapo. Kisha yakaja matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, ambamo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakapangwa upya. Hatusemi kwamba lugha ndiyo iliyoyaleta yote yale. Palikuwa na sababu nyingine nyingi. Lakini mtoto asiyeelewa swali hawezi kulijibu, hata awe ameyashika mambo yake barabara.

Sasa yupo atakayeuliza: mtihani wa Kiingereza tuliouzoea hufanywa kwa karatasi na kalamu, sikio laingiaje? Swali hili ni la haki. Jibu letu ni kwamba makosa mengi yaonekanayo katika karatasi ni makosa ya sikio yaliyoshuka mkononi. Maneno ya Kiswahili, yaliyo mengi, huishia kwa irabu. Mtoto wetu tangu kuzaliwa amezoea kusikia neno likifunguka mwishoni. Kiingereza hufunga neno kwa konsonanti, mara mbili tatu kwa pamoja, na sarufi yake imefichwa humo humo mwishoni. Katika ‘worked’ ile sauti ya mwisho ni t nyepesi. Katika ‘played’ ni d. Katika ‘wanted’ ndipo pana silabi nzima. Asiyeisikia t ile huandika ‘Yesterday he work’, na mwalimu akamwandikia mstari mwekundu wa kosa la nyakati. Kijana hajui kosa lake ni nini, maana kanuni anaijua kwa moyo. Kadhalika ile s ya ‘he works’, na vile vineno ‘a’ na ‘the’ ambavyo Mwingereza huvipitia kama mtu avukaye maji ya kifundo cha mguu.

Tena Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, ila maneno machache, hivyo sikio hujua pa kungojea. Kiingereza huuhamisha. ‘Record’ ukikazwa mwanzoni ni kitu. Ukikazwa mwishoni ni tendo. Na ‘can’ na ‘can’t’ hazitengwi kwa ile t peke yake, bali kwa nguvu ya sauti: ‘can’ katikati ya sentensi humezwa, ‘can’t’ hutamkwa kwa uzito. Wangapi wamesikia ruhusa mahali palipokuwa na katazo?

Hapa petu Ruaha Mbuyuni somo hili lapatikana kando ya barabara kuu ya Zambia. Malori hupita usiku na mchana, na baadhi ya madereva watokao ng’ambo ya Tunduma hununua vitunguu kwa Kiingereza. Muuzaji kijana anayechanganya ‘fifteen’ na ‘fifty’ hupata hasara au ugomvi, kimojawapo. Tofauti i katika mkazo: ‘fifteen’ hukazwa nyuma, ‘fifty’ mbele. Na saa je? Dereva akisema atarudi ‘at two o’clock’, yeye ataja saa nane yetu. Anayemngojea saa mbili ya asubuhi atakuwa na siku ndefu chini ya mbuyu. Twapenda vijana waonyeshwe kwamba vitunguu na mtihani vyatoka katika sikio moja, kwa kuwa mtoto huamini upesi jambo linalogusa fedha.

Wazee wetu wa kazi hii walilijua jambo hili. Mwaka 1922 watumishi Waafrika wa Serikali walianzisha chama chao Tanga, na aliyekiongoza ni Martin Kayamba, karani, mtu wa Bonde aliyesomeshwa Kiungani, Unguja. Mwaka 1931 Kayamba alikuwa mmoja wa Waafrika watatu wa Tanganyika waliokwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Fikirini jambo lile: swali la mbunge haliandikwi ubaoni, tena halirudiwi pole pole kwa kumwonea huruma mgeni. Sikio ndilo lililokuwa kazini.

Sasa tuje katika sarufi. Yako makosa ambayo hutoka moja kwa moja katika Kiswahili chetu, na uzuri wake ni kwamba ukiisha kumwonyesha kijana mlango yaingiliapo, aweza kuufunga mwenyewe. Twasema ‘mtu niliyemwona’, na ile m ya katikati ndiyo mtu yule. Basi kijana huandika ‘the man whom I saw him’, akamtaja mtu mara mbili. Twasema ‘ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja’, naye huandika ‘although he was sick, but he came’, na Kiingereza kinataka kimoja tu kati ya hivyo viwili. Twasema ‘niazime kalamu’, naye husema ‘borrow me a pen’. Katika Kiingereza mwenye kalamu hufanya ‘lend’ na mwenye haja hufanya ‘borrow’. ‘Kusikia’ kwetu hubeba mengi: twasikia sauti, twasikia baridi, twasikia harufu. Kijana akiandika ‘I hear cold’ hajakosa akili. Amefuata lugha ya mama yake kwa uaminifu mno. Na ‘yeye’ wetu hajui mume wala mke, kwa hiyo mama huwa ‘he’ katika mstari wa kwanza na ‘she’ katika wa pili.

Lakini lililo gumu kupita yote, na ambalo watungaji wa mtihani hulipenda, ni kugeuza maneno ya msemaji kuwa habari. Kiswahili husema ‘Alisema kwamba anaumwa’, na wakati wa kuumwa haubadiliki. Kiingereza hurudisha nyuma: ‘He said that he was ill’. Mtoto asomaye ‘was’ hapo hudhani ugonjwa ulikwisha siku nyingi. Sharti aambiwe kwamba ‘was’ hiyo yafuata ‘said’ kama behewa lifuatavyo gari la moshi. Na ili aizoee, haitoshi kuandika sentensi 20 za mazoezi. Asikilize habari zikisomwa, ahesabu kwa vidole kila pasemwapo ‘said’, kisha aseme ni tendo gani lililofuata.

Twaona pia desturi moja ambayo hatuipendi, nayo ni ya kuwafungia vijana katika karatasi za mitihani ya miaka iliyopita tangu Januari mpaka Novemba. Karatasi hizo zafaa kwa kuzoea umbo la maswali na kupima saa. Lakini anayezila peke yake hujua majibu ya maswali yaliyokwisha kuulizwa.

Dawa tunayoileta si mpya, ni imla. Wengi wetu tuliichukia shuleni kwa sababu ilifanywa kuwa mtihani wa herufi na fimbo. Ifanywe hivi. Msomaji asome habari fupi yote kwa mwendo wa kawaida, na wasikilizaji wawe na kalamu chini. Kisha asome kwa vipande vya maneno manne au matano, akingoja waandike. Kisha asome yote mara ya tatu, nao wasahihishe. Asivute maneno wala asiyatenge moja moja, maana hapo atakuwa amekiua kile tunachotaka wakisikie.

Iko na namna nyingine, ambayo mwalimu mmoja, Ruth Wajnryb, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya imla ya sarufi. Habari husomwa mara mbili kwa mwendo wa kawaida, na wanafunzi huandika yale maneno makubwa tu waliyoyanasa. Halafu hukaa wawili wawili au wanne wanne, wakaijenga habari ile upya kwa sentensi zao, wakibishana, na mwisho hulinganisha na ile ya asili. Tutoe mfano wa kwetu. Msomaji asoma: ‘The lorry had left before the farmers arrived. They waited until evening, but nobody came to buy the onions.’ Kundi moja laweza kuleta hivi: ‘Lorry left before farmers arrive. They wait until evening but nobody come buy onion.’ Ukilinganisha, utakuta mahali 9 palipopungua au kubadilika, bila kuhesabu alama ya kituo, na kumbe hapana hata neno moja katika habari ile ambalo vijana hawajui maana yake. Hapo ndipo mazungumzo yaanze. Kwa nini ‘had left’? Kwa sababu lori lilikuwa limekwisha ondoka wakulima walipofika. Kiswahili nacho kina njia ya kulisema jambo hilo, na kijana hufurahi akiiona. Kwa nini ‘the onions’? Kwa sababu ni vitunguu vile vile walivyovileta wakulima wale, si vitunguu vyovyote vya dunia. Kanuni iliyopatikana kwa mabishano ya namna hii hukaa, na iliyonakiliwa ubaoni huondoka na mfuta ubao.

Wanne wakiwa pamoja, Bwana Mwenyekiti, wataanza kubishana kwa Kiswahili. Tusiwakataze. Anayetafuta sababu ya ‘had’ na aitafute kwa lugha anayoiwaza. Sentensi ya mwisho ndiyo iwe ya Kiingereza. Twajua wako wazee wanaodhani kila neno la Kiswahili ni sumu ya Kiingereza. Hatukubaliani nao, na vijana waliokaa kimya darasani kwa kuogopa kucheka-chekwa ni mashahidi wetu.

Juu ya vyombo vya kusikilizia, hapana haja ya fedha nyingi. Shirika la BBC lilianza kutangaza masomo ya Kiingereza kwa redio mwaka 1943, na katika siku zetu yako masomo yake mafupi ya dakika 6 ambayo karani mwenye simu aweza kuyahifadhi mara moja na kuyasikiliza siku nyingi. Ya kwanza, sikilizeni bila kuandika, mseme habari ilihusu nini. Ya pili, tafuteni jambo moja tu: mathalan, matendo ya wakati uliopita. Ya tatu, simamisheni baada ya kila sentensi mkaikariri kwa mkazo ule ule. Dakika 6 zitakuwa nusu saa, na hiyo yatosha kwa siku. Tena kijana asizoee sauti moja tu. Mzambia, Mkenya, Mwingereza na Mhindi kila mmoja hutamka kivyake, na wote ni Kiingereza.

Neno kwa makarani wenyewe, maana twaona baadhi yenu mwatazama dirishani mkidhani hili ni la watoto. Anayetaka kwenda kusoma ng’ambo huenda akatakiwa kufanya mtihani uitwao IELTS, na humo sehemu ya kusikiliza ina maswali 40, na maneno husikika mara moja tu. Hakuna wa kuombwa arudie. Basi anayemsomea mtoto wake imla jioni ajue kwamba naye anajinoa, na wabadilishane: siku moja baba asome, siku ya pili mtoto asome na baba aandike. Mtoto akimsahihisha baba yake kwa adabu, apewe haki yake.

Lililobaki ni la utaratibu. Tumeafikiana na kamati kwamba imla itasomwa kila Jumamosi saa kumi alasiri, baada ya jua kulegea, na wavulana na wasichana wa Kidato cha Tatu na cha Nne wote wakaribishwe, hata wale ambao wazazi wao si wanachama. Zao likikomaa na watoto wakihitajiwa mashambani, imla itasomwa huko huko kivulini, wala haitaahirishwa. Msomaji wa kila juma atatajwa katika jarida hili. Karatasi za imla ya kwanza zimekwisha pigwa chapa na zitagawiwa mlangoni mtokapo. Upande wenye Kiingereza umekunjwa ndani, na twaomba usifunguliwe mpaka msomaji amalize mara ya tatu.